Mkono Wako Haukuwa na Moto

Garsen, Jumatano, baada ya alasiri

Kwako Hawa, binti yangu,

Salamu nilikupa asubuhi, na jioni nitakupa nyingine, maana tuko nyumba moja. Wewe uko upande wa pili wa ukuta huu, unafunga na mama yako mizigo ya kwenda kwa mumeo Madogo, nami nawasikia mkibishana juu ya sufuria ile kubwa, kama itaingia kwenye sanduku au itafungwa nje. Si kawaida mtu kumwandikia barua mwenzake huku anaisikia sauti yake. Lakini tangu Jumatatu nimekuita mara tatu nikuambie jambo. Mara ya kwanza nikakuuliza kama umeiona kofia yangu. Mara ya pili nikakwambia lori litafika mapema. Mara ya tatu nikakutazama tu, ukacheka ukasema, "Baba, umeanza kuzeeka." Basi nimekimbilia karatasi.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha niliyofundishwa kuandika. Pengine ni afadhali. Kwa Kiorma, lugha ya mama yangu, maneno haya ningeyaanza nisiyamalize.

Habari za kumheshimu mume na kuamka mapema sitakuambia. Mama yako amezisema mwezi mzima, na shangazi zako wakazirudia, mpaka mimi mwenyewe nimezihifadhi. Nikiolewa kesho sitapotea hata kidogo.

Nataka kukuambia habari za kibuyu cha bibi yako.

Najua hapo umetaka kuikunja karatasi. Usiikunje. Juzi nilikuwa nyuma ya nyumba nikikaza kamba za kitanda, nikakusikia ukimwambia mama yako, "Waambie watu wa Madogo mimi nitachota maji na kuokota kuni. Maziwa ashike mwingine." Mama yako akasema, "Bi arusi gani huyo asiyeshika kibuyu?" Ukamjibu polepole, hukulia wala nini, "Yule aliyemuua bibi yake."

Wallahi, Hawa, kamba ilinitoka mkononi. Nilikaa pale chini na kitanda kimelegea, na nilichofikiri kwanza hakikuwa wewe. Nilifikiri, je, kuna mtu mwingine amesikia? Hivyo ndivyo nilivyo. Nataka uanze kunijua hapo.

Sasa nitasema, na nitalisema mwanzo ili usitafute katikati ya maneno mengi. Kibuyu kile mimi ndiye niliyekiharibu. Wewe hukufanya kosa lolote. Ulikuwa na miaka kumi, ulifanya kila kitu kama ulivyofundishwa, na mimi nikaja nyuma yako nikakiharibu, kisha nikakaa kimya miaka minane.

Unakumbuka bibi yako alivyokuwa kabla ya hapo? Mimi nakumbuka vizuri. Alikuwa hana jino hata moja, na umri wake hatukuujua, yeye mwenyewe alikuwa akihesabu kwa ukame. Lakini alikwenda mtoni na kurudi kwa miguu yake. Magoti yalimsumbua wakati wa mvua tu. Chakula chake kilikuwa maziwa lala yaliyoganda kibuyuni, kikombe asubuhi na kikombe jioni, na ugali kidogo wa kuchovya. Watu wa umri wake walikuwa wakija kwangu dispensari wameshika matumbo, huyu hapati choo, huyu hakai kwa kuhara, huyu vidole vimevimba hawezi kufunga ushanga. Yeye hakuwahi kuja hata siku moja. Mimi mwanawe ni dresa, nagawa dawa kwa watu wa kutoka hapa mpaka kijiji cha Wema, na mama yangu haijui ladha ya kidonge. Kwa kweli lilinikera kidogo.

Na maziwa yenyewe unajua alivyoyatengeneza, maana alikufundisha wewe, wala si shangazi yako Habiba aliyekuwa akitaka sana. Kibuyu kinaoshwa kwa maji ya moto, kinakaushwa, kinatiwa kaa la mti na kutikiswa mpaka moshi uingie kila pembe. Ndani kulikuwa kweusi tii. Na kibuyu hakimalizwi. Mabaki ya chini yanahifadhiwa pembeni yapokee maziwa mapya. Mabaki yale akiyaita mama wa maziwa. Alisema ameyapata kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, kutoka kwa ng'ombe ambao mifupa yao imeshakuwa udongo.

Mwaka ule mimi nilikuwa nimetoka pwani kusoma miezi mitano. Nilirudi na shati ya kaki yenye mifuko minne na cheti ndani ya bahasha. Tulifundishwa habari za wadudu wasioonekana kwa macho, wanaokaa kwenye maji machafu na maziwa na kucha. Yalikuwa mafundisho mazuri, sisemi uongo, yameokoa watoto wengi hapa. Ila mimi niliyachukua yote kwa pamoja kama mtu aliyepewa nguo moja akataka kuivaa kichwani na miguuni. Nikaanza kuona wadudu kila mahali. Na mahali nilipowaona zaidi ni ndani ya kile kibuyu cheusi cha mama yangu.

Lakini si wadudu walionifanya nikiguse. Hapo ndipo penye aibu yangu. Kulikuwa na bwana mkubwa wa afya anakuja kukagua dispensari, na nikasikia atafika mpaka nyumbani kwangu kunywa chai, aone dresa anaishije. Nikaitazama nyumba yangu kwa macho yake. Nikaona kibuyu kinaning'inia mlangoni, kina harufu ya moshi na maziwa makali, kina nzi wawili. Nikaona haya. Nikamwonea haya mama yangu aliyenilea kwa kibuyu hicho hicho.

Siku ile bibi yako alikuachia kibuyu peke yako kwa mara ya kwanza. "Leo mkono ni wako," alikwambia, na ulitembea umeinua shingo asubuhi nzima. Ukakiosha, ukakifukiza, ukakipindua juu ya uchaga kipoe, mabaki ukayaweka kwenye kibuyu kidogo pembeni. Kisha ukaenda mtoni na wenzako, na bibi yako akaenda kwa jirani.

Nikakichukua. Nilikipeleka nyuma ya dispensari, nikakwangua weusi wote wa ndani kwa waya, nikatia ile dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda, kali, zaidi ya kipimo, nikaiacha ikae. Nikasuuza mara tatu kwa maji yaliyochemka. Kile kidogo cha mabaki nikakimwaga mchangani, nikakiosha vivyo hivyo, na ili isijulikane nikatia ndani yake maziwa mabichi. Nikavirudisha vyote pale pale juu ya uchaga kabla hamjarudi. Nilikuwa najisifu moyoni, nikasema leo nimemkinga mama yangu.

Bwana mkubwa alikuja kesho yake. Alikunywa chai nusu kikombe, akasifu uwanja ulivyofagiwa. Kibuyu hata hakukitazama.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Maziwa yalitiwa, siku ya tatu yakafunguliwa, yakatoka povu na uvundo, machungu, yamekatika maji huku na madonge huku. Bibi yako alikunywa funda moja akatema. Wanawake wakaja kutazama kama wanatazama msiba. Na shangazi yako Habiba akauliza, "Nani alifukiza?" Ukasema, "Mimi." Akakushika kiganja akakipapasa mbele ya watu, akasema, "Mkono wa mtoto huyu una moto. Maziwa hayatalala na mkono huu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa na shati yangu ya mifuko minne. Ningesema neno moja tu, ungeachiliwa. Badala yake, sikiliza nilivyofanya, nikapata nafasi ya kuhubiri. Nikasema, "Mnaona? Si nimewaambia maziwa haya ni uchafu? Leo yameoza mbele ya macho yenu." Nikayatumia maziwa niliyoyaharibu mwenyewe kuwa ushahidi. Watu wakaitikia, maana mimi ni dresa. Nikapiga marufuku maziwa lala nyumbani kwangu, na majirani waliotaka kumgawia mama mabaki yao ili aanze upya, nikawarudisha.

Wewe ulikuwa umekaa kando ya uchaga unakitazama kiganja chako.

Baada ya hapo nilimlisha bibi yako kwa kitabu. Maziwa yaliyochemshwa, ya moto, na sukari. Mkate wa dukani. Chai. Mwezi haukuisha tumbo likaanza kumjaa, linanguruma, anahara siku mbili kisha haendi siku nne. Akapungua mwili. Kisha vidole vikavimba, na vifundo vya miguu, na magoti, ukivigusa vina joto, na wala si wakati wa mvua. Akawa anaamka asubuhi hawezi kufungua ngumi. Nikampa vidonge vya maumivu, vikamchoma tumbo. Nikampa dawa ya tumbo, akafunga choo. Nilikuwa najaza karatasi, mgonjwa mwanamke, mzee, umri haujulikani. Yeye akisema, "Nipe maziwa yangu," nami namjibu, "Mama, maziwa ndiyo haya."

Na alijua, Hawa. Hili hujalijua, na ndilo linalonikosesha usingizi zaidi. Siku chache baada ya maziwa kuoza aliniita ndani, tukiwa wawili. Alikuwa na kile kibuyu mapajani. Akatia kidole ndani mpaka mwisho, akakitoa, akanionyesha. Kilikuwa safi. Kibuyu kilichofukizwa miaka hamsini, kidole hakitoki safi. Hakuniuliza nani. Aliniuliza, "Na mtoto? Utamwacha hivyo hivyo?"

Nikamwambia, "Ni mtoto. Atasahau."

Akakiweka kibuyu chini, akasema, "Haya." Basi. Hakunisema kwa mtu. Mimi ni mwanawe wa pekee wa kiume na cheo changu kilikuwa kipya, sijui, labda aliona hawezi kunivunja mbele ya watu. Lakini unakumbuka tangu siku ile alikuwa hataki mtu mwingine amkande magoti ila wewe? Alikuwa akisema, "Niletee Hawa, niletee ule mkono." Wewe ulidhani anakuhurumia. Nilijua anafanya nini. Alikuwa anakutetea kwa njia aliyoweza, na mimi napita na mfuko wangu wa dawa.

Alikufa kabla ya mvua za masika. Sasa nikwambie kweli kama ninavyoijua, si zaidi. Sijui kama kibuyu ndicho kilichomuua. Alikuwa mzee, na wazee hufa na maziwa yao mkononi. Lakini alikufa akiwa na njaa ya kitu kimoja, kilikuwepo kila nyumba ya jirani, na mimi ndiye niliyemnyima. Na wewe ukamlilia huku una mzigo wangu kichwani. Watoto wakakupa jina, Mkono-Moto. Ukaanza kuficha mikono ndani ya leso wageni wakija. Nikaona. Miaka minane nimekuona ukipita mbali na uchaga wa vibuyu kama mtu anayepita mbali na mbwa, na kila mara nikajiambia kesho.

Miaka miwili iliyopita alipita daktari mmoja wa safari, mzee mwenye miwani, amechoka na vumbi. Usiku ule hakuwa na chakula, akapewa maziwa lala na mchungaji mmoja wa ng'ombe, akayanywa yote akaomba tena. Asubuhi tukawa tunazungumza. Akaniuliza, wazee wa huku wanakunywa nini? Mimi nikamjibu kwa kujivuna, "Chai, daktari. Maziwa ya mgando nimeyakomesha nyumbani kwangu." Akaweka kikombe chini. Akasema wadudu wa maziwa si wa aina moja. Wapo waliokuja kuvunja nyumba na wapo wenyeji wanaoishika isianguke. Alisema mtu akizeeka wenyeji hao wa tumboni hupungua, tumbo likabaki halina mlinzi, likapata moto, na yeye anavyofikiri moto ule hausimami tumboni, huenda mpaka kwenye viungo. Wanaokunywa maziwa yaliyolala huwapata wenyeji wapya kila siku. Akasema haya hayajathibitishwa yote, wapo wenzake wanaomcheka. Kisha akaniuliza, "Kwa nini uliyakomesha?"

Lo! Nilimwambia ni kwa sababu ya nzi.

Alipoondoka nilifanya jambo la kitoto. Nilinunua vibuyu viwili vidogo. Kimoja nikakifukiza kama bibi yako alivyokuwa akifanya, nikaomba mabaki kwa jirani. Cha pili nikakifukiza vile vile, kisha nikakikwangua na kukitia dawa ya zambarau. Nikavificha nyuma ya stoo ya dispensari, mtu mzima mwenye mvi, nachungulia vibuyu kama mwizi. Cha kwanza kiliganda vizuri. Cha pili kilioza, povu lile lile, uvundo ule ule. Nikarudia. Nikarudia tena mara ya tatu, nikitumaini kitaganda nipate pa kujificha. Hakikuganda.

Nikakaa na habari hiyo miaka miwili mingine. Usinihurumie hapo.

Ukifika Madogo utamkuta mama mkwe wako. Ni mtu mzima, magoti yake hayako vizuri, niliona alivyoshuka kwenye lori walipokuja kukuposa. Atataka maziwa kutoka kwa mke wa mwanawe, na hilo si ukali, ndiyo kawaida yetu. Mtengenezee. Mimi sikuwa mjinga wa kila kitu: ng'ombe wengine wana maradhi yanayopita kwenye maziwa, na kuchemsha kunasaidia. Basi chemsha, yaache yapoe mpaka kidole kivumilie, ndipo uyatie kwenye kibuyu kilichofukizwa, juu ya mabaki. Bibi yako asingekubali kuchemsha, mimi nisingekubali mabaki, na tungekaa chini siku moja tu tungepatana. Sikumpa siku hiyo. Na yakikuharibikia mara moja, maana yataharibika, kila mtu humharibikia, mwaga uanze tena. Ni maziwa tu. Hakuna mtu atakayekufa.

Mabaki utayachukua ya jirani yetu mama Dima, nimeshamwomba. Si yale ya bibi yako. Yale niliyamwaga mchangani na hayarudi, wala sitakudanganya kwamba nimeyapata mahali.

Nilikuwa na nia ya kukupa barua hii kesho ukiwa umeshapanda, uifungue huko mbele ya safari, nami nisiuone uso wako. Nimeandika mpaka hapa ndipo nikajua kwamba hilo nalo ni lile lile. Ungeijua kweli wewe peke yako, na huku nyuma ungebaki Mkono-Moto, na mimi ningebaki dresa.

Kwa hiyo nitakupa leo, kabla ya magharibi. Kesho asubuhi watu wa Madogo watakaa mbele ya nyumba, na wazee wetu, na shangazi yako Habiba na wanawake wote, kusoma dua kabla ya mizigo kupakiwa. Dua ikimalizika nitasimama niwaambie niliyokuandikia. Nimeshaapa. Lakini wewe unamjua baba yako. Ninaweza kusimama vizuri kabisa, nikakohoa, nikaanza kuzungumza habari za barabara.

Nikifanya hivyo, usiningoje. Nyumba nzima hii wewe na mimi tu ndio tunaojua kusoma. Toa mikono yako ndani ya leso, ufungue karatasi hii, uwasomee kwa sauti, nami nikiwa nimeketi pale pale.

Baba yako,
Galgalo